Kibwengo Ana, Kibwengo Kina

Katika kiwanda cha uchapaji alichokifanyia kazi miaka ishirini na sita, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Nukta, tena mbele yake, kwa kuwa mwenyewe aliona ni heshima. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani nakala za majaribio, na kusaka makosa. Kila karatasi, kabla haijapelekwa mtamboni, ilipita kwanza kwenye meza yake ya dirishani, chini ya kalamu yake nyekundu. Kalenda, kadi za harusi, ratiba za mazishi, vitabu vya hesabu vya shule, maelezo ya dawa ya kunguni, yote kwake yalikuwa sawa. Aliweka rula chini ya mstari, akasogeza midomo bila kutoa sauti, na kosa likiwepo lilimwasha kama upupu.

Ugomvi wake mkubwa na dunia ulikuwa juu ya ngeli. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yake, hata awe mgeni wa meneja, Bi Nukta alimkatiza hapo hapo: "Changu." Meneja mwenyewe aliwahi kukatizwa hivyo katikati ya hotuba ya kumuaga mhasibu, akasahau alichotaka kusema, akaishia kupiga makofi peke yake. Watu walicheka, lakini walimkwepa pia. Si raha kuzungumza na mtu anayekusahihisha hata hujafika kwenye habari yenyewe.

Nyumbani aliishi na watu wawili. Mmoja ni binti yake wa miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi. Wa pili ni kaka yake mkubwa, ambaye kwa binti ni mjomba. Huyu kaka alikuwa mnadi. Alisimama juu ya meza uwanjani akinadi makabati, vitanda na redio za watu waliohama au waliokufa, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliweza kusifu kiti kibovu mpaka mwenye kiti akaanza kujuta kukiuza. Halafu asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikampata. Upande wake wa kulia ukapooza. Maneno yakampotea yote, likabaki moja tu: "haya."

Akihisi njaa alisema haya. Akitaka kugeuzwa, haya. Akikasirika ilikuwa haya, haya, haya, huku jasho linamtiririka. Daktari alieleza kwamba akili yake ni nzima, anasikia na kuelewa kila kitu, ila njia ya maneno ndiyo iliyoziba. Bi Nukta alimshukuru sana daktari. Kisha akarudi nyumbani na, bila kujijua, akaanza kumzungumzia kaka yake mbele ya kaka yake, kama watu wanavyozungumzia hali ya hewa. Amelala vizuri? Amekula? Leo anaonekana hana raha. Maswali hayo yote alimuuliza binti.

Bi Nukta hakuacha kazi. Aliyeacha ni binti. Cherehani ilisogezwa pembeni mwa sebule, ikafunikwa shuka, na juu ya shuka zikapangwa dawa, taulo na beseni. Kwa miezi minane binti alimwosha mjomba wake, akamlisha uji kwa kijiko, akamwinua kwa kumshika kwapani, akambadilisha nguo. Mjomba alikuwa akifumba macho tangu anapovuliwa shati mpaka anapovishwa jingine. Wateja wa binti walisubiri mwezi wa kwanza, wakasubiri wa pili, kisha wakatafuta fundi mwingine.

Siku moja umeme ulikatika kiwandani, wafanyakazi wakaruhusiwa kuondoka mapema. Bi Nukta alikuwa anavua viatu mlangoni alipomsikia binti jikoni akizungumza na rafiki yake kwa simu.

"Leo siwezi kutoka, shoga yangu," binti alikuwa anasema. "Kimekula kidogo, sasa kimelala. Kikiamka lazima nikibadilishe. We acha tu."

Bi Nukta alibaki ameshika kiatu kimoja. Kwanza alijidanganya kwamba kinachozungumziwa ni kitoto cha jirani. Lakini jirani hakuwa na mtoto mchanga, na mkoromo uliotoka chumbani aliujua tangu utotoni.

Silabi moja, "ki" badala ya "a"! Mwanamke aliyemkatiza meneja mbele ya wafanyakazi wote alisimama mlangoni kwake mwenyewe na hakuthubutu kufungua mdomo. Aliogopa jibu. Binti angeweza kugeuka na kumwambia: basi kaa naye wewe. Na hapo Bi Nukta angefanyaje? Ukweli ni kwamba aliipenda mno ile meza ya dirishani, na tangu kaka apooze alikuwa anaipenda zaidi, kwa kuwa ilikuwa mbali na harufu ya dawa. Aliona aibu kulijua hilo. Akavaa kiatu, akatoka polepole, kisha akaingia upya kwa kishindo, akibamiza mlango na kukohoa kama mtu aliyefika sasa hivi.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja moyoni: kumrudishia kaka yake ile "a" katika mdomo wa binti, bila kugombana na binti.

Njia aliipata mahali ambapo hata yeye hakupategemea. Kiwandani alikuwepo mchora majalada, mwanamume mwenye kipara na watoto watatu, waliyemwita Rangi. Kila Jumamosi Rangi na marafiki zake walikaa mezani wakicheza mchezo wa kujifanya. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama ulichojaribu kimefanikiwa. Alimweleza Bi Nukta habari hiyo wakati wa chai.

"Kwa hiyo ni watu wazima wanakaa wanaongopeana kwa zamu," alisema Bi Nukta.

"Ndiyo, Bi Nukta. Lakini kwa kanuni."

Neno kanuni lilimwingia. Alimhoji Rangi mpaka chai ikapoa. Je, kanuni zinaweza kutungwa na mtu yeyote? Zinaweza kumlazimisha mchezaji aseme hivi, asiseme vile? Rangi akasema zinaweza chochote, mradi watu wasichoke kuzifuata.

Akaanza kutunga. Kwenye mashine ya kukatia karatasi palikuwa na mabaki ya manila, vipande vigumu vyembamba ambavyo kwa kawaida hutupwa, na yeye akawa anaondoka navyo mkobani. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa na rula na penseli akachora, akafuta, akachora. Binti alipouliza ni nini, aliambiwa ni mambo ya kazini.

Alichagua vibwengo, majini wadogo wa hadithini. Alisema moyoni kwamba anataka viumbe wanaodharauliwa, wanaoishi chini ya ngazi na nyuma ya makabati, wasiojua kusema vizuri. Lakini sababu ya pili ilikuwa ya msoma prufu. Kibwengo ni neno linalobeba ki kichwani kama kikombe na kijiko, na bado lugha inampa heshima ya mtu: kibwengo ameingia, kibwengo huyu, kibwengo wangu. Ni kama kijana, kama kiongozi, kama kiziwi na kipofu. Kwa jina umewekwa rafu moja na vyombo, halafu ni juu ya wanaokutaja kukutoa huko au kukuacha.

Kanuni zilikuwa chache. Kila kibwengo anajua neno moja tu, lichague mwenyewe, na mengine yote uyaeleze kwa mikono na macho. Hapo kaka hatakuwa chini ya mtu yeyote. Dadu ikionyesha nne au zaidi, umefanikiwa. Na kanuni kuu, aliyoipigia mstari: kibwengo anayeshindwa mara tatu anashushwa ngeli. Hatasemwa tena "ameingia", atasemwa "kimeingia", na mchezaji yeyote akikosea anapoteza zamu. Akimsaidia mwenzake, anapandishwa tena. Aliamini kwamba mtu akicheza hivi mara mbili, tatu, atasikia kwa masikio yake jinsi "ki" inavyouma, na hatathubutu kuitumia kwa binadamu.

Aliujaribu kwanza kiwandani, saa ya chakula, pamoja na Rangi na akina mama watatu wa chumba cha kujalidi. Walicheza juu ya marobota ya vitabu ambavyo havijashonwa. Dakika kumi hazikupita, chumba kizima kilikuwa kimevunjika mbavu. Ila walichokifurahia sicho alichokusudia. Walifurahia kushusha. Kila dadu ilipoanguka vibaya walishangilia, na walioshuka hawakupandishwa, maana aliyekuwa na nafasi ya kuwapandisha aliona utamu zaidi kuwaacha walipo. Msimamizi wa mitambo alipochungulia mlangoni, mama mmoja akanong'ona: "Kimekuja kunusa." Wakaanguka kwa vicheko, na Bi Nukta alicheka nao mpaka machozi.

Akiwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipotambua alichokuwa anakicheka. Alitaka kutupa zile kadi.

"Usitupe," Rangi alimwambia kesho yake. "Badilisha kitu kimoja. Asishushwe aliyeshindwa. Ashushwe anayemwacha mwenzake."

Bi Nukta alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kosa lake mwenyewe, akachukua kalamu, akarekebisha. Akaandika kadi mpya mbili kwa mwandiko wake wa shule. Kadi ya binti: kibwengo aitwaye Pindo. Kadi ya kaka: kibwengo aitwaye Kelele. Alizisoma mara tatu, rula chini ya mstari, kama kazi nyingine yoyote.

Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa mezani watatu. Kiti cha magurudumu kilisukumwa mpaka kifua cha kaka kikagusa meza, jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu augue. Siku zote alilishwa kitandani au pembeni. Binti alikaa kwa shingo upande, amekunja mikono.

"Mama, mimi nina nguo za kufua."

"Nusu saa tu. Chagua neno lako."

Binti alifikiri. "Lete," alisema. "Pindo anajua kusema 'lete' tu. Kama watu wa nyumba hii."

Bi Nukta aliimeza kejeli hiyo. Neno la Kelele halikuhitaji kuulizwa. Akaanza kusimulia: vibwengo wawili wanaishi chini ya sakafu ya ghala, juu yao kuna gunia la sukari, na mbele ya gunia amelala paka mkubwa. Binti alirusha dadu kivivu. Kaka alirusha kwa mkono wa kushoto, dadu ikaruka ikaangukia chini ya kabati, na binti akapiga magoti kuifuata.

"Tano!" alisema kutoka huko chini. "Mjomba ana bahati huyu."

Bi Nukta aliisikia ile "ana" na moyo ukamruka. Wakaendelea. Pindo alipanda juu ya gunia, dadu ikatoa moja, paka akaamka akamdaka mkia. Binti, ambaye hakutaka kucheza, sasa alikuwa amesimama anapunga mikono juu ya meza akipiga kelele: "Lete! Lete! Lete!" Zamu ikawa ya Kelele. Kaka akarusha. Sita.

Kaka akavuta pumzi. Upande mzima wa uso wake ukachangamka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya uwanjani, ya juu ya meza: "Haya! Haya-haya-haya-hayaaa!" Vikombe vilitetemeka kabatini. Paka alikimbia, angekosaje kukimbia? Binti alikaa chini akijishika mbavu. "Jamani, nimeokoka mimi!" alisema, machozi yanamtoka. Na kaka alikuwa anacheka, mdomo umekwenda upande, mate yanamdondoka, na kwa mara ya kwanza hakufanya haraka kujifuta kabla hawajamwona.

Kwa kumwokoa mwenzake, Kelele alistahili nyota kwenye kadi yake. Binti ndiye aliyeichukua kadi na penseli akaanza kumchorea, akafika nusu. Macho yake yakapita juu ya maandishi, yakarudi.

"Heee!" alisema. "Mama! Bi Nukta amekosea!"

Hakuwahi kumkamata mama yake na kosa hata siku moja, tangu alipoanza kuandika. Alikulia kwenye nyumba ambayo hata barua za mapenzi zilirudishwa na alama nyekundu. Alisimama na kadi, akasoma kwa sauti ya mwalimu:

"'Kibwengo huyu anaitwa Kelele. Ana sauti kubwa na mkono mmoja wenye nguvu.' Vizuri. 'Kinajua neno moja. Kikianguka kiinuliwe kwa kushikwa kwapani. Kisiachwe peke yake karibu na...'"

Sauti ya mwalimu ilikuwa imekwisha kabla ya hapo. Neno la mwisho, "jiko", hakulisema. Akachukua kadi yake mwenyewe, akaisoma kimyakimya. Pindo anajua, Pindo akianguka, Pindo asiachwe.

"Wangu umemwandika vizuri mpaka mwisho," alisema.

"Ni kibwengo," alisema Bi Nukta. "Nimechanganya tu, ni mchezo."

"Kushikwa kwapani? Kibwengo gani huyo wa kushikwa kwapani?"

Bi Nukta aliitazama kadi. Hakuweza kukumbuka kuandika yale maneno. Alikumbuka kuyasoma, mara tatu, na kalamu haikukwama popote, kwa kuwa hapakuwa na kilichomwasha. Angeweza kusema nisamehe. Neno lilikuwepo mdomoni. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita ya kutokosea, na mtu akibanwa hivyo hushika kilicho karibu.

"Usinifundishe mimi," alisema. "Wewe si ndiye uliyesema kwenye simu, kimekula, kimelala? Kikiamka nikibadilishe? Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote."

Alipoyamaliza ndipo alipokumbuka aliyekaa kati yao.

Binti hakukana. "Nilisema," alijibu taratibu. "Nilikuwa nimechoka. Nilisema mara moja, mama. Wewe umekaa ukaandika."

Wote wawili hawakuthubutu kutazama upande wa kiti cha magurudumu. Mjomba hakuwa amejua habari za simu. Hakuwa amejua habari za kadi. Alikuwa ameletwa mezani kucheza.

Bi Nukta aliona njia moja tu, kuendelea. Akashika daftari lake la usimulizi. "Kelele," alianza, na akakwama. Akisema ameingia, itasikika kama anaomba radhi kwa kujipendekeza. Akisema kimeingia, basi tena. Lugha aliyoijua kuliko mtu yeyote kiwandani ilimgomea katika silabi ya kwanza. Akaliweka daftari chini, na akafanya kitu ambacho kwa miezi minane hakukifanya hata mara moja: alimgeukia kaka yake na kumuuliza yeye.

"Kaka," alisema. "Unataka tuendelee?"

Kaka alimtazama. Kisha mkono wake wa kushoto ukatambaa mezani, ukapita dadu, ukaitwaa penseli kutoka kwa binti. Akaivuta kadi mbele yake. Wote wawili walifikiri anataka kuandika, wakamsogelea. Hakuandika. Alipiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, juu ya maneno mabaya na mazuri pia, juu ya jina na nusu ya nyota, akiukandamiza mpaka manila ikachanika. Kwa wasoma prufu alama hiyo ina maana moja tu: futa yote. Halafu akaangusha penseli, akaanza kusukuma sakafu kwa mguu wake mzima, kidogo kidogo, kiti kinalia, mpaka akawapa kisogo.

"Haya" yenyewe hakuisema.

"Amekataa, mama," alisema binti.

Bi Nukta aliisikia. Ilikuwa silabi ile ile aliyoihangaikia wiki zote hizo kwa rula na mabaki ya manila, na sasa imetoka mdomoni mwa binti yenyewe, bila kulazimishwa na kanuni yoyote. Ilikuwa sahihi kabisa. Alikaa hapo mikono juu ya kadi, akalia, na hakumwita kaka yake ageuke, kwa sababu hakujua angemwonyesha uso gani.